Swali Unaliandika Kwanza

Mmeniomba niwaandikie kitu, nyinyi vijana mnaoingia sasa kufanya kazi katika maabara niliyoiacha, na mmoja wenu akaongeza kwamba yawe maneno ya kutia moyo. Hapo mmegonga mlango usio wenyewe. Mimi nina kinyongo tangu utoto, na ninakitunza vizuri, kama wengine wanavyotunza kuku. Lakini kazi yangu niliipenda. Na siku hizi, asubuhi nikikaa kibarazani hapa Kyebando na chai ya tangawizi, mgongo ulionistaafisha mapema ukiwa umetulia, ningekuwa mwongo kusema maisha yamenishinda. Basi mtapata vyote viwili: kinyongo kidogo, chai nyingi.

Kwanza majina, kwa sababu mimi nataja majina. Wanaosema yaliyopita si ndwele hawajawahi kuibiwa mlango. Sisi ni Wanubi. Baba alikuwa dereva wa lori, hakushika bunduki hata ya mchezo, lakini serikali ya zamani, iliyokuwa na askari wengi Wanubi, ilipoanguka, mtu akisikia Mnubi aliona askari. Tukakimbilia kaskazini, tukavuka mpaka. Vita vya mwaka themanini na sita vilipokwisha tukarudi Kampala, mimi, mama na mdogo wangu Hawa. Baba tulimwacha kaburini huko huko. Nyumba yetu tuliikuta imesimama bila milango. Milango ilikuwa kwa jirani, Kaddu. Nikaenda kwenye shule yangu ya zamani nimalizie darasa la sita. Mwalimu mkuu, Mukiibi, alinitazama kidevu.

"Wewe ssebo, bwana mzima, una ndevu," akasema. "Hapa tunafundisha watoto."

Hawa hakuwa na ndevu, akapokelewa. Elimu yangu ikaishia mlangoni pa Mukiibi. Siku ile nilimwambia mama: mimi nitafanya kazi, Hawa atasoma kwa niaba ya wawili. Maneno hayo myashike, maana yote nitakayosimulia yananing'inia hapo.

Huyo ni Kaddu na huyo ni Mukiibi. Wa tatu anakuja.

Kazi niliipata kwenye kile chuo cha walimu kilimani, na aliyenifundisha ni Mzee Wekesa, Mkenya wa Bungoma, mtu wa kwaya, aliyewahi kupakia mabehewa kwenye meli pale Port Bell mpaka akachoka na magunia. Alinikabidhi mashine ya stensili. Nyinyi mnabonyeza kitufe. Sisi tulizungusha mkono. Stensili ni kama ngozi ya kitunguu: ukiishika na vidole vya jasho inajikunja, ukiiacha karibu na dirisha inapasuka, na ikipasuka unamrudia mpiga chapa kumwomba aanze upya, na mpiga chapa wetu alikuwa na mdomo. Karatasi lazima uzipepete kama karata kabla ya kuziweka mashineni, la sivyo zinaingia mbili mbili, moja inatoka na maneno na nyingine inatoka tupu. Mara moja mwanafunzi alipata hiyo tupu. Akaandika jina lake juu, akakaa kwa adabu muda wote, akairudisha. Nikamuuliza mbona hukusema?

"Nilidhani ndilo swali lenyewe," akaniambia. "Si somo la anga?"

Mzee Wekesa ndiye aliyenifundisha kusimamia mtihani. Alivaa raba za turubai, hata Jumapili kanisani, ili asisikike akitembea. "Juma," alikuwa akiniambia, "mwenye mtihani ni kama ng'ombe anayekamuliwa. Ukimsimamia nyuma anakaza maziwa." Na mwizi wa majibu, alisema, usimtafute anayechungulia jirani, huyo ni mwoga tu. Mtazame anayeangalia dari kwa amani. Nimetumia elimu hiyo maisha yangu yote, hata misikitini na kwenye vikao vya mahari.

Sasa, somo la anga. Liliingia chuoni na Daktari Nabbosa. Wazazi wake walikuwa wamekimbia kabla yetu, akakulia Nairobi, akasomea Ulaya, akarudi vita vilipotulia. Luganda yake ilikuwa ya mtoto mdogo, kwa hiyo na sisi wa maabara alisema Kiswahili, tena kile cha Nairobi chenye haraka. Alianzisha elimu ya nyota kwa walimu wanafunzi wa sayansi, ya wanaoanza kabisa. Mji mzima ukaelewa kwamba chuo kimeleta mpiga ramli msomi. Watu walipanda kilima. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alitoka Ggaba na sangara mkubwa amefungwa gazeti, akataka asomewe nyota ya mumewe, inamwelekeza kwa mwanamke gani.

"Mama, nyota hazijui," Daktari akamjibu. "Lakini wewe umejuaje kwamba kuna mwanamke?"

"Shati lake linanukia sabuni ambayo mimi sinunui."

Daktari akatugeukia mimi na Mzee Wekesa. "Mmesikia? Hakusema nimehisi, hakusema nimeambiwa. Amenusa." Yule mama akaondoka bila nyota lakini amenyoosha shingo. Sangara alibaki. Mzee Wekesa alimkaanga kwenye jiko la spiriti la maabara, na kwa wiki nzima kila jaribio la kemia lilinuka Ggaba.

Hilo "umejuaje" lilikuwa wimbo wake. Kila mwaka, siku ya kwanza, kabla hajafundisha neno, Daktari aliwapa wanafunzi karatasi ya maswali. Nusu ilikuwa hesabu: uwiano, sehemu, namba zenye mkia mrefu wa sifuri. Nusu ilikuwa habari fupi kama za magazetini, mwanafunzi aseme kipi kimeonwa na mtu na kipi kimesemwa tu. "Huu si mtihani wa kufaulu," aliniambia tulipoanza kuuchapa. "Nataka kujua nianzie wapi. Huwezi kumvusha mtu mto bila kujua maji yanamfika wapi."

Maneno mazuri. Lakini chuoni kulikuwa na msajili, na jina lake ni Byamugenyi. Ndiye wa tatu. Huyu alikuwa mtu wa suti ya kahawia na kalamu mbili mfukoni, na kwake yeye karatasi yoyote yenye alama ilikuwa chekeche. Mwaka ambao Hawa aliingia chuoni, ndiyo, Hawa wangu, miaka yote ile ya wino kuchani imezaa matunda, Byamugenyi alitangaza kwamba atakayeshindwa karatasi ya kwanza ya Daktari anaondolewa kwenye sayansi. Na kwa kuwa nafasi nyingine zilikuwa zimejaa, kuondolewa kwenye sayansi kulikuwa kurudi nyumbani.

Karatasi hiyo niliichapa mimi. Sikuisoma, na hata ningeisoma nisingeielewa. Siku yenyewe nikavaa raba zangu, nikasimama pembeni, si nyuma. Chumba kilikuwa kimya. Na karatasi zikaanza kuombwa.

"Kaka Juma, naomba karatasi."

"Na nyabo huyu, dada wa kando yangu, pia."

"Banange, jamani, imejaa, niongezee."

Nyinyi hamjui karatasi ilivyokuwa wakati ule. Rimu zilifungiwa kabatini, ufunguo shingoni mwangu, na Byamugenyi alitoa chache kila muhula kama dawa ya mtoto. Nikawa natoa huku nanung'unika. Moyoni nikasema, angalau wana mengi ya kuandika. Hawa naye aliinua mkono. Nikampa karatasi mbili, na nikamkonyeza.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nasafisha silinda ya mashine. Hawa hakuja maabara. Nilimkuta nyumbani jioni, amekaa kwenye kizingiti, kile kizingiti ambacho Kaddu alishindwa kukibeba. Mama alikuwa ndani anatwanga kitu ambacho hakikuhitaji kutwangwa.

"Kaka, nimeanguka."

"Umeanguka vipi? Wewe uliomba karatasi mbili!"

"Maswali mengi sikuyafika. Muda uliisha."

"Muda uliisha ukifanya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa alikuwa akipumua kwa ajili gani. "Nikiandika," akasema.

Asubuhi nilikwenda kwa Byamugenyi. Sikwenda vizuri, nilikwenda na kinyongo chote, cha Kaddu, cha Mukiibi, cha baba. Nilisema mengi. Alinisikiliza akipanga kalamu zake.

"Umemaliza?" akauliza. "Darasa zima limeanguka, Juma, si dada yako peke yake. Watu hawa wa vita hawajui hesabu, hawajui sayansi. Mimi sikuwafundisha. Wewe ni mtu wa mashine, rudi kwenye wino wako. Na ukifika huko, niletee hesabu ya karatasi. Naambiwa kabati limebaki tupu."

Hapo nikaona wa tatu anakamilisha kazi ya wale wawili. Mmoja milango, mmoja shule, na huyu anataka mdogo wangu, na juu yake aniite mwizi.

Mzee Wekesa alinikuta nimekaa juu ya maboksi. Nikamweleza. Hakunipa pole, hakuwa mtu wa pole. Alichokishika yeye ni ile habari ya karatasi. "Juma, darasa lile moja limekula karatasi zote hizo?"

"Mzee, wewe pia?"

"Sijasema umeiba. Nasema ng'ombe amekula shamba zima na hana maziwa. Majani yamekwenda wapi? Twende tukayaone."

Tukaenda ofisini kwa Daktari, mimi nikiwa na hasira ya kujitetea tu. Nataka mlielewe hilo. Sikwenda kuwaokoa wanafunzi. Nilikwenda kuthibitisha kwamba karatasi zipo, nisije nikafungwa Luzira kwa ajili ya fulskepu. Daktari alikuwa amekaa mbele ya rundo, macho mekundu. Nikamwomba ruhusa, nikaanza kuzitandaza mezani, sakafuni, dirishani. "Hizi hapa! Hii, hii, na hii! Hakuna hata moja iliyouzwa!"

Na zilikuwa nzuri, Wallahi. Mwandiko wa kupendeza. Kila mstari umepigiwa rula. Namba ya swali imezungushiwa duara, neno "Swali" limepigiwa mistari miwili chini yake, halafu swali lote, neno kwa neno, na nukta yake, na chini yake "Jibu", na nukta mbili, moja juu ya nyingine. Kwenye mengine jibu lilikuwepo. Mbele zaidi swali lilikuwa limekatikia katikati, kalamu imeondolewa na kengele.

"Nilizidhani ni takataka za pembeni," Daktari akasema taratibu. "Nilitafuta majibu tu. Kwa nini wameyanakili maswali? Yalikuwa kwenye karatasi niliyowapa!"

"Sasa wajibuje kabla hawajaandika swali?" nikamwambia. Nilidhani ananitania.

"Nani aliwaambia waandike swali?"

"Haambiwi mtu. Swali unaliandika kwanza. Usipoliandika, Mukiibi alikuwa anachapa vidole, na rula hiyo hiyo."

Daktari akamgeukia Mzee Wekesa. Mzee akakuna shingo. "Kwa kweli shule zao hazikuwa na vitabu, Daktari. Mwalimu anaandika ubaoni, wao wananakili. Ubao ukifutwa, daftari lako ndilo kitabu chako. Usiponakili swali, baadaye utasoma jibu la nini?"

Nami ndipo nikaanza kuelewa, pole pole, kama mtu anayeona maji yanaingia chumbani. Wale watu walikuwa wamekaa pale muda wote wakifanya kazi kwa bidii kuliko mwanafunzi yeyote, kazi ambayo hakuna aliyewapa. Daktari akachukua majibu yale machache, akayapitia moja moja bila kuhesabu yaliyokosekana. Akapitia ya Hawa. Kila alilolifikia alikuwa amelipata.

Alicheka, kisha akajishika kichwa. "Nimepima kasi ya mwandiko," akasema. "Nimepima mwandiko, nikaandika juu yake hesabu na sayansi."

Tukaenda wote watatu kwa Byamugenyi. Daktari akaomba mtihani urudiwe. Byamugenyi akafungua mikono. "Daktari, mimi sina shida. Lakini karatasi hakuna. Muulize mtu wako wa mashine."

"Sihitaji karatasi," Daktari akasema.

"Mtihani bila karatasi?"

"Njoo uone mwenyewe. Watakaoshindwa waondoe. Sitapinga."

Mzee Wekesa alinikanyaga mguu nisiseme kitu. Tulipotoka nikamwambia Daktari, amewaweka wanafunzi rehani. Akanijibu, "Juma, tayari walikuwa rehani. Nitafutie vitu vidogo vya duara, vyote saizi moja, kila mtu awe na kimoja." Nikaenda kwa mama. Mama akafungua sanduku, akakata uzi wa shanga zake za ujana, akanipa bila kuuliza, akasema tu zisipotee zote.

Asubuhi ya mtihani huo wanafunzi walipangwa uwanjani, saa mbili hivi, umande bado. Nikagawa shanga. Byamugenyi alikuja na kiti chake.

"Shanga?" akasema kwa sauti ya kusikika. "Hiki ni chuo au chumba cha ssenga anayefunda bibi harusi?"

Wasichana wakainamisha vichwa. Wavulana wakacheka, wakajuta. Daktari hakujali. "Nani anauona mwezi?" akauliza.

Kijana mmoja mrefu, mwenye adabu sana, akainua mkono. "Daktari, mchana hakuna mwezi."

"Umejuaje?"

"Shuleni tuliandika hivyo. Jua la mchana, mwezi wa usiku."

"Geuka."

Akageuka. Mwezi ulikuwa pale magharibi, umeliwa upande mmoja, mweupe kama kipande cha muhogo, juu ya kilima cha ng'ambo ambako kuna lile tangi kubwa la maji. Lo, kicheko kilichopanda! Hata yule kijana alicheka, akajipiga paji la uso. Na hapo nikaona mabega yanashuka. Mzee Wekesa akaninong'oneza, "Sasa maziwa yanateremka."

Daktari akawaambia wanyooshe mkono, wafumbe jicho moja, washike ushanga kwenye ncha za vidole. Ushanga ukaufunika mwezi. Kisha washuke mpaka kwenye tangi. Ushanga ukalifunika tangi vilevile, karibu sawasawa. Nami nilijaribu. Mzee Wekesa alijaribu na kifungo cha shati.

"Basi," Daktari akasema, "ushanga mmoja umefunika mwezi na umefunika tangi. Kipi kikubwa? Kwa mara ngapi? Na umejuaje?" Akazunguka akiwauliza mmoja mmoja kando, polepole, kila mtu kwa lugha anayoiweza. Wengine alikaa nao sana. Baadhi yao walijikwaa, akawauliza tena kwa njia nyingine. Byamugenyi alikuwa akitikisa mguu, mpaka Daktari alipofika kwa Hawa. Hapo akasimama, akasogea. Alijua ni nani.

"Huyu nimsikie," akasema.

Daktari akauliza. Hawa hakujibu. Alitazama chini, midomo inacheza, bila sauti. Sijawahi kuona muda mrefu kama ule. Nilikuwa na mfuko wa shanga mkononi, na nilizikamata kana kwamba ndizo zitakazokimbia. Byamugenyi akatazama saa yake.

"Mbona hajibu?"

"Anaandika swali," Daktari akasema. "Mwache."

Hawa akainua kichwa. "Mwezi ndio mkubwa."

"Umejuaje?"

"Mwezi unashukia nyuma ya tangi. Ukitazama, tangi limeanza kuukata kwa chini. Kinachokatwa ndicho kiko nyuma. Na kama kiko mbali zaidi na bado ushanga unavifunika sawa, basi cha mbali ni kikubwa."

"Kwa mara ngapi?"

"Mara zile zile ambazo ni mbali kuliko tangi. Tangi likiwa mbali mara moja na mwezi mara elfu, basi ni mkubwa mara elfu. Sijui ni elfu ngapi, Daktari. Nikijua umbali nitakwambia." Akasita kidogo. "Na ushanga nao umo humo humo. Ni uwiano ule ule."

"Amekariri," Byamugenyi akasema.

"Kutoka kitabu gani?" Daktari akamuuliza. "Kuna kitabu chenye tangi letu?"

Wote wakageuka kutazama. Kweli, tangi lilikuwa limeula mwezi nusu. Byamugenyi akabeba kiti chake mwenyewe, akaondoka nacho. Hakuna aliyefukuzwa mwaka ule. Wapo ambao hesabu zao zilikuwa mbovu kweli, na Daktari alianza nao pale maji yalipowafika, ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilikwenda nyuma ya maabara, nikaegemea ukuta, nikamwambia baba kwa Kinubi mambo ambayo siwaandikii.

Tangu hapo utaratibu ulibadilika, na ndio ninaoutaka muushike nyinyi mlio na kompyuta. Kila mwaka Daktari aliwaambia kwa sauti: swali lipo, usilinakili, rukia jibu. Na kila mwaka wapo waliolinakili, kwa sababu mkono una dini yake. Basi tukawaongezea muda na karatasi. Baadaye ikaja fotokopi, baadaye skrini, na naambiwa sasa skrini inajifunga yenyewe muda ukiisha, na walimu wapya wanalalamika kwamba wanafunzi hawajui kitu. Inawezekana. Lakini kabla hujasema, kaa pembeni, si nyuma, utazame mikono yao inafanya nini. Na usivae viatu vya kelele.

Byamugenyi hakudumu. Zile rimu zilizokuwa hazipo, zilikuwepo. Zilikuwa Wandegeya, kwenye kibanda cha fotokopi. Umejuaje, mtaniuliza. Nimejua kwa sababu mimi kila rimu niliipaka wino wa buluu ubavuni ilipoletwa chuoni, kabla Byamugenyi hajaifungia kwake, na pale Wandegeya nilipewa karatasi yenye ubavu wa buluu. Nikampelekea mkuu wa chuo rimu nzima. Na Kaddu je? Mlango wetu wa mbele una alama za kisu, mama alikuwa akitupimia urefu, mimi na Hawa. Alama zipo hadi leo, mlangoni kwa Kaddu. Mukiibi nilimsikia kwa masikio yangu. Majina yangu yote matatu yamepita mtihani wa Daktari, na ndiyo maana nayataja kwa raha. Kila Idi napita kwa Kaddu, ameshazeeka kuliko mimi, nagonga mlango wangu mwenyewe, ananifungulia, ananipa chai. Hatuzungumzii mlango. Chai yake si mbaya.

Mzee Wekesa alirudi Bungoma na raba zake. Hawa anafundisha sayansi hapa hapa Kyebando, shule ya tatu kutoka kibarazani kwangu, na kila mwaka siku ya kwanza huwapa wanafunzi wake karatasi ya kupimia maji. Ushanga anao bado, mmoja.

Juzi, wakati wa likizo, nilimpelekea chakula shuleni. Alikuwa peke yake darasani anapanga karatasi hizo. Akanitazama, akavuta kiti.

"Kaka, umezichapa hizi miaka yote na hujawahi kuifanya hata moja. Kaa."

"Mimi? Darasa la sita sikumaliza."

"Kaa tu. Hakuna wa kukufukuza."

Nikakaa. Kiti cha watoto, magoti yakagusa meza. Akanipa karatasi ya maswali na fulskepu moja safi. Nikalisoma la kwanza, nikalielewa, na jibu nikaliona kabisa. Kisha nikaomba rula. Nikapiga mstari. Nikaandika "Swali", nikalipigia mistari miwili chini, nikaanza kulinakili neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Nilifika mwisho wa ukurasa kabla sijagundua ninachofanya. Nikainua kichwa.

Hawa alikuwa amesimama pembeni, si nyuma. Akafungua kabati, akaniongezea karatasi.